Sura ya Sita: Kompyuta za Mtumba, Programu Huria

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka kama zilivyowaka jana yake. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yale marekebisho ya mara kwa mara yanayoziba matundu ambayo wahalifu wa mtandaoni huyatumia kuingilia mashine za watu. Aliyetaka kuendelea kulindwa alielekezwa Windows 11, na Windows 11 ina masharti yake: inataka mashine yenye kitengo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa aina chache, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Prosesa hizo zilianza kuingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo zimeachwa nje, hata zile zisizo na kasoro yoyote.

Shule zilipewa nafuu: zinaweza kununua viraka vya nyongeza kwa bei ndogo, lakini kwa miaka isiyozidi 3. Baada ya hapo hesabu inarudi palepale.

Hesabu hiyo inazigusa shule za Afrika Mashariki kuliko inavyozigusa benki au wizara, kwa sababu kompyuta za shule mara nyingi ni za mtumba. Ofisi imebadilisha mashine zake, mfadhili amezikusanya, kontena limeshushwa Mombasa au Dar es Salaam, na baada ya ukarabati shule ya kata au ya kaunti inapokea mashine 20. Camara, shirika lililoanzishwa Ireland mwaka 2005, limejengwa juu ya kazi hiyo na limefikisha kompyuta zilizokarabatiwa katika shule za Kenya, Tanzania, Ethiopia, Zambia na Lesotho. Computers for Schools Kenya imekuwa ikifanya kazi ya aina hiyo tangu 2002. Mashine za namna hii huja na RAM ya GB 2 au 4, na prosesa ambazo mtengenezaji wa Windows alishazisahau. Kuandika barua kwazo ni rahisi, kuhesabu majedwali ni rahisi, kufundishia watoto kuandika programu ni rahisi. Zinachokosa ni mfumo endeshi unaozikubali.

Mfumo huo upo, na upo kwa bei ya bure. Lakini anayeishia kwenye neno bure atakuwa ameona nusu tu ya jambo. Shule zilizofanikiwa kuendesha maabara kwa programu huria kwa miaka mingi hazikufanikiwa kwa sababu ya leseni ambayo hazikuilipia peke yake. Zilifanikiwa kwa sababu mamlaka ya kufungua, kurekebisha, kunakili na kufundisha yalihama kutoka kwa kampuni ya mbali yakaja mikononi mwa mwalimu, na kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemwandaa mwalimu huyo kuyapokea.

Hesabu ya mwalimu mkuu

Bajeti ya chumba cha kompyuta ina mafungu matano: mashine, umeme, mtandao, programu na fundi. Mfadhili akileta mashine, mafungu manne yanabaki mezani kwa mwalimu mkuu. Programu ndilo fungu linalosahaulika zaidi, kwa kuwa halionekani kwa macho. Mfumo endeshi una leseni yake, programu za ofisi zina leseni yake, na programu ya kuua virusi hulipiwa kila mwaka kwa kila mashine.

Wengi hulikwepa fungu hilo kwa njia inayojulikana. Fundi wa mtaani huitwa "kupiga Windows" kutoka kwenye flashi yake, kopi isiyo na leseni halali. Muhula haujaisha virusi vimesambaa kutoka flashi ya mwanafunzi mmoja hadi chumba kizima, mafaili yamefichwa au kugeuzwa vijia vya mkato, na fundi anaitwa tena. Analipwa kwa kila mashine anayoigusa. Shule iliyodhani imekwepa gharama ya programu inailipa kwa mafungu madogo madogo, mwaka hata mwaka, na wanafunzi wanapoteza wiki za somo.

Njia nyingine ni programu huria, nayo ilianzishwa kwa hoja ya haki kabla ya kuwa hoja ya bei. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU: kuandika mfumo endeshi ambao mtumiaji yeyote angekuwa na uhuru wa kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo chanzo wake na kuubadilisha, kuunakili, na kuwagawia wengine mabadiliko yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Viwili hivyo vilipoungana, dunia ikapata mfumo kamili ambao leo unaendesha seva nyingi za intaneti; na kiini hicho cha Linux ndicho kilichomo ndani ya simu za Android.

Kwa shule, uhuru huo wa kunakili una maana nyepesi kueleweka. Mwalimu akipakua toleo mojawapo la Linux, kama Ubuntu, Debian au Linux Mint, mara moja, anaweza kuiweka katika mashine 40 za shule yake, akampa mwenzake wa shule jirani, akawapa wanafunzi wakaiweke kwenye kompyuta za nyumbani kwao, na katika yote hayo hajavunja sheria. LibreOffice huandika barua na majedwali. GIMP huhariri picha. GCompris na Tux Paint ni za watoto wa darasa la chini. Stellarium huonyesha anga la usiku la mahali popote duniani, liwe la Mwanza au la Lamu. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, hufundisha kuandika programu kwa kupanga vipande vya rangi. Na virusi vile vinavyotembea kwenye flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Vikifika kwenye Linux havipati pa kushika.

Seva moja, viti ishirini

Mwaka 1999 mtaalamu wa kompyuta wa Michigan, Jim McQuillan, alitoa hadharani kazi aliyoifanya kwa ajili ya mteja aliyehitaji vituo vingi vya kazi kwa bei ndogo. Akaiita LTSP, yaani Linux Terminal Server Project. Hakuiandika kwa ajili ya shule, lakini shule ndizo zilizoikumbatia.

Wazo lake ni kama jiko la shule: uji hupikwa kwenye sufuria moja kubwa, na kila mtoto huja na kikombe chake. Kompyuta moja yenye nguvu inakuwa seva. Hiyo ndiyo yenye diski, mfumo endeshi, programu zote na mafaili ya wanafunzi wote. Mashine nyingine ishirini zinaunganishwa nayo kwa waya kupitia swichi. Mwanafunzi anapobonyeza kitufe cha kuwasha, kadi ya mtandao ya mashine yake huuliza kwenye waya kama kuna wa kuihudumia. Seva huipa anwani, kisha huitumia mfumo endeshi kupitia waya huohuo. Mashine ya mwanafunzi haihitaji kuwa na diski kabisa. Diski ikifa, ambayo ndiyo sehemu inayokufa mapema zaidi katika kompyuta za mtumba, inang'olewa na somo linaendelea.

Kuna namna mbili za kuipanga. Ya kwanza ni kuiachia seva ifanye hesabu zote, na mashine za wanafunzi zibaki kuwa skrini na kibodi tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 hata mashine yenye RAM ya MB 64 ilitosha kuwa kituo cha namna hiyo. Ya pili ni kuiruhusu kila mashine itumie prosesa na RAM yake yenyewe, huku mfumo na mafaili yakitoka kwenye seva. Kwa kuwa vivinjari vya siku hizi na video hula nguvu nyingi, maabara nyingi zimehamia namna ya pili. Mwaka 2019 LTSP iliandikwa upya kutoka mwanzo na Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, nchi ambako maabara za shule zimeitumia kwa miaka mingi.

Faida kubwa iko kwenye matunzo. Mwalimu anayetaka kuongeza programu huiweka kwenye seva mara moja, na siku inayofuata viti vyote 20 vinayo. Mwanafunzi hakariri namba ya kompyuta yake. Akikaa popote akaingiza jina lake na neno la siri, mafaili yake yanamfuata. Mtoto aliyefuta kitu kimakosa amefuta cha kwake tu. Kwa programu iitwayo Epoptes mwalimu huona skrini zote kwenye skrini yake, huweza kuzifunga zote anapotaka wamsikilize, au kuonyesha kazi ya mmoja kwa darasa zima.

Udhaifu wake nao uko wazi. Seva ikizimika, darasa zima limezimika. Kwa hiyo seva haiwekwi bila UPS, mafaili hunakiliwa kwenye diski ya pili kila wiki, na swichi haichaguliwi kwa kutazama bei peke yake. Maabara yenye swichi dhaifu hukwama dakika ile ambayo watoto 20 wanawasha pamoja.

Kerala: mtihani uliobadili somo

Hakuna mahali palipoipeleka hoja hii mbali kama Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India kwenye pwani ya Malabar, ambayo majahazi yamekuwa yakiifikia kutoka pwani ya Waswahili kwa pepo za msimu kwa karne nyingi. Sensa ya 2011 iliwahesabu wakazi wake kuwa zaidi ya milioni 33. Mwaka 2001 serikali ya jimbo ilianzisha mradi wa kuingiza TEHAMA katika shule za sekondari, IT@School.

Vitabu vya mwanzo vya somo hilo vilifundisha bidhaa za Microsoft kwa majina yake. Chama kikubwa cha walimu, KSTA, pamoja na wanaharakati wa programu huria, wakapinga. Hoja yao haikuwa ya bei tu. Waliuliza kwa nini fedha na saa za shule ya umma zitumike kuwazoesha watoto bidhaa za kampuni moja, ilhali wangeweza kufundishwa kanuni zinazofanya kazi popote. Wakati huo Kerala ilikuwa na watu waliokwisha kulifikiria jambo hili: mwaka 2001, mbele ya Stallman mwenyewe, tawi la India la shirika la programu huria, Free Software Foundation, lilizinduliwa Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo.

Kwa miaka michache mifumo yote miwili iliruhusiwa kwa pamoja. Kisha serikali ikafanya uamuzi ulioamua yote: ikabadili mtihani. Kufikia 2008 sehemu ya TEHAMA katika mtihani wa kumaliza darasa la 10 ilikuwa ikifanywa kwa programu huria peke yake. Mtihani ulipohama, vitabu vilihama, mafunzo ya walimu yakahama, na wazazi wakaacha kuuliza kama mtoto anapotezewa muda.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kusomwa kwa makini na wizara yoyote ya elimu. Kerala haikuajiri jeshi la mafundi. Ilichukua walimu wa fizikia, hisabati na lugha waliokuwa tayari madarasani, ikawafunza mpaka wakawa wakufunzi wakuu, nao wakawafunza wenzao wilaya kwa wilaya. Kila shule ikawa na mwalimu mmoja mratibu wa TEHAMA, na chini yake wanafunzi waliopewa majukumu ya maabara. Ziliandaliwa hata kliniki za vifaa, ambapo walimu na wanafunzi walifungua kompyuta mbovu za shule na kuzitengeneza wenyewe. Mtoto aliyewahi kubadilisha RAM kwa mikono yake haogopi tena kompyuta.

Mradi ukatengeneza toleo lake la Linux, mwanzoni juu ya Debian na baadaye juu ya Ubuntu, likiwa na programu zinazolingana na mtaala wa jimbo sura kwa sura. Mwalimu wa hisabati alikuta GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg mwaka 2001, ambayo huruhusu pembetatu kuvutwa kwa kipanya huku vipimo vyake vikibadilika mbele ya macho ya darasa. Mwalimu wa lugha alikuta fonti na kibodi za Kimalayalamu. Fonti hizo zilitokana na kazi ya kujitolea ya jumuiya ya Swathanthra Malayalam Computing, ambayo haikuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote ili lugha yao isomeke vizuri kwenye skrini.

Mwaka 2017 mradi uligeuzwa kuwa taasisi kamili ya serikali, KITE. Mwaka 2018 zikazinduliwa klabu za wanafunzi, Little KITEs, ambamo watoto hujifunza katuni za kompyuta, uandishi wa programu, vifaa na matumizi ya Kimalayalamu kwenye kompyuta. Mwaka 2019, ilipotoa toleo jipya kwa ajili ya zaidi ya kompyuta 200,000 za shule, KITE ilitangaza kwamba programu huria imeliokolea jimbo rupia bilioni 30. Hayo ni makadirio ya taasisi yenyewe, na yanahesabu leseni ambazo zingelipiwa. Hayahesabu kitu kilicho kikubwa zaidi: kizazi cha walimu wa kawaida wanaoweza kuisimamisha maabara iliyoanguka bila kumpigia mtu simu.

Namibia na Rasi ya Magharibi: nguvu na mipaka ya hisani

Barani Afrika majaribio ya mwanzo hayakuongozwa na wizara. Mwaka 2000 ilianzishwa SchoolNet Namibia, chini ya Joris Komen, ikifikisha kompyuta na intaneti katika shule ambazo baadhi yake hazikuwa na umeme wa gridi. Zilitumika mashine za mtumba, seva moja kwa kila maabara, Linux, na mahali pengine paneli za sola. Mafundi wake wengi walikuwa vijana waliomaliza shule na kukosa kazi, waliofunzwa na kupelekwa mikoani. Ili kuwazoesha walimu na wanafunzi mambo mapya, SchoolNet ilitoa hadithi ya katuni iliyoitwa Hai Ti!, yenye visa vya shule moja ya kijijini inayopokea kompyuta.

Microsoft ilipotaka kutoa programu zake za ofisi kama msaada, Komen alikataa hadharani. Alieleza kwamba zawadi hiyo isingefanya kazi bila kununua mfumo endeshi wa Windows, na gharama ya kununua ingezidi thamani ya zawadi. Kwa shirika lililokuwa likihesabu kila dola, kilichoitwa bure kilikuwa ghali.

Afrika Kusini nako, Mark Shuttleworth, aliyekuwa ameuza kampuni yake ya Thawte kwa VeriSign mwaka 1999, alianzisha mfuko ambao kazi yake mojawapo ilikuwa tuXlab: maabara za LTSP katika shule, nyingi zikiwa Rasi ya Magharibi. Shule iliyotaka maabara ilipaswa kwanza kuandaa chumba chenye usalama na kuteua watu wa kukisimamia. Watu wa kujitolea walikuja kuifunga pamoja na walimu na wanafunzi wa shule hiyohiyo, ili waliobaki wawe wameona kila waya ulipopita. Maabara hizo zilizidi 200 kabla mfuko haujageukia kazi nyingine.

Tofauti kati ya maabara hizo na za Kerala haiko kwenye programu. Programu zilikuwa karibu zilezile. Tofauti iko kwenye mtihani na kwenye mshahara. Kerala mwalimu mratibu ni mwajiriwa wa serikali, na anachofundisha kinatahiniwa. Mradi wa hisani hutegemea bajeti ya mfadhili na moyo wa mwalimu mmoja. Mwalimu huyo akihamishwa, ufunguo wa chumba hubaki ofisini.

Karatu: jua na kompyuta ya kiganjani

Umeme ni kikwazo ambacho leseni ya bure haiwezi kukiondoa. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake hula takriban wati 100. Ishirini zikiwaka kwa saa 5 ni uniti 10 kwa siku, nazo huonekana haraka kwenye mita ya LUKU. Kwa shule isiyo na gridi, sola ya kubeba mzigo huo ni ndoto.

Tarehe 29 Februari 2012 taasisi ya hisani ya Cambridge, Uingereza, ilianza kuuza Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35. Hutumia kadi ya kumbukumbu badala ya diski, haina feni, na inaendeshwa na Linux. Modeli zake za kawaida hula wati chache tu. Hata ikiongezewa skrini ndogo ya LED, kiti kimoja kinaweza kutosheka na wati 20. Maabara ileile ya viti 20 inashuka kutoka uniti 10 hadi 2 kwa siku, na hapo paneli na betri zinaingia katika hesabu ya shule halisi.

Ndivyo lilivyofanya shirika la Powering Potential, lililoanzishwa na Janice Lathen wa Marekani baada ya kutembelea Shule ya Sekondari Banjika wilayani Karatu. Maabara zake katika shule za Tanzania huunganisha Raspberry Pi, sola, na maktaba ya kidijitali iitwayo RACHEL, inayokaa ndani ya shule bila kuhitaji intaneti.

Maktaba za namna hiyo ndizo zinazojibu swali la mtandao, ambao kwa shule nyingi za vijijini ni ghali kuliko kompyuta zenyewe. Kiwix, iliyoanza 2007, hubana Wikipedia nzima, ikiwemo ya Kiswahili, ikawa faili moja linalokaa kwenye seva. Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality, hupanga video na mazoezi kwa masomo, ina menyu za Kiswahili, na imetumika hata katika shule za wakimbizi za Kakuma, Kenya. Mwalimu huenda mjini mara moja na diski, akapakua, akarudi. Kuanzia hapo wanafunzi wa Jiografia wanasoma kuhusu Bonde la Ufa bila kununua bando.

Lugha kwenye menyu

Tanzania ilikuwa na jaribio lake ambalo lingefaa kuhuishwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, mradi wa Kilinux ulikusanya istilahi na kutafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, yenye menyu na ujumbe wa Kiswahili. Haikuhitaji mkataba na kampuni yoyote. Leseni ya programu yenyewe ilikuwa imeshatoa ruhusa.

OpenOffice ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na mlango huo ungali wazi. Kila toleo jipya huongeza maneno mapya yanayohitaji kutafsiriwa, na tafsiri isiyotunzwa huchakaa. Kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vya ualimu hii ni kazi ya vitendo iliyo tayari: kutafsiri, kujaribu darasani, kusahihisha, kisha kuirudisha kwa jumuiya ili itumike kutoka Bukavu hadi Pemba. Mtoto wa darasa la tatu anayefungua GCompris au Tux Paint hapaswi kujifunza Kiingereza kwanza ndipo ajue kitufe cha kuhifadhi mchoro wake kiko wapi.

Mahali pa kuanzia

Pingamizi moja husikika katika kila kikao cha wazazi: huko kazini watakutana na Windows, sasa kwa nini wafundishwe kingine? Ni swali la haki, na linastahili jibu la kazi. Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya katika Masomo ya Kompyuta huombwa atengeneze lahajedwali, hifadhidata au chapisho. Anayejua fomula katika LibreOffice Calc anaijua katika Excel, kwa sababu SUM na IF ni zilezile. Lakini pale ambapo mtihani wa vitendo unataja programu kwa jina, au mtahini hajawahi kuliona faili la LibreOffice, mwalimu mwenye busara atawaachia watahiniwa mashine chache zenye leseni halali mpaka baraza la mitihani litamke wazi kwamba programu yoyote inayofanya kazi hiyo inakubalika. Tamko hilo lina uzito kuliko makontena mengi ya msaada, na halina gharama.

Mapengo mengine nayo yasifichwe. Printa za zamani na vishikwambi vya baadhi ya kampuni hukataa kufanya kazi na Linux. Programu fulani za uhasibu au za uhandisi hazina toleo lake. Mafundi wa mtaani wanaoijua ni wachache kuliko wale wa Windows. Mwalimu aliyezoea menyu moja kwa miaka 10 atahitaji wiki kadhaa za subira, na wiki hizo lazima ziwekwe kwenye ratiba.

Kwa hiyo shule inayotaka kuanza haina haja ya kubadili kila kitu kwa siku moja. Inaanza na mashine tatu au nne zilizokwisha kutupwa stoo. Mwalimu mmoja na wanafunzi sita wanazisafisha vumbi, wanaongeza RAM kutoka kwenye zile zilizokufa kabisa, na wanawasha Linux Mint au Lubuntu kutoka kwenye flashi bila hata kuifunga kwenye diski, ili waone kama sauti, skrini na kibodi vinaitikia. Zikiitika, zinafungwa moja kwa moja, na seva inafuata muhula wa pili. Daftari linawekwa mezani: tatizo, tarehe, nani alilitatua na kwa njia gani. Walimu wawili, si mmoja, wanajifunza kuisimamia seva, na mmoja wao anatoka idara isiyo ya TEHAMA. Fedha ambazo zingekwenda kwenye leseni na kwenye kupiga Windows kila muhula zinagawanywa mara tatu: betri za UPS, diski ya akiba, na nauli na posho za walimu hao wawili kwenda kukaa wiki nzima katika shule iliyowatangulia, wakirudi na mfumo uliokamilika kwenye diski na namba ya simu ya mwalimu mwenzao wa kule.